Namba ya Abeid

Kidawa, nesi wa zahanati, alifika kwa Sada, kijijini Masaki, asubuhi na bodi ya friji ya chanjo, kaifunga kwenye khanga. Bodi yenyewe, kibao cha elektroniki cha kupima joto, haizidi kiganja. Aliitengeneza Abeid: joto likipanda inatuma ujumbe kwenye simu yake, naye anapanda pikipiki anakwenda kuangalia. Sasa Abeid ana wiki tano kaburini, na ujumbe bado unakwenda kwake.

Kila asubuhi bodi ilituma pia salama, kusema friji iko sawa. Simu ya marehemu ikilia, Sada, mjane wake, alihisi kuna mtu bado anamhitaji Abeid. Hakuzifungua. Zimeandikiwa mumewe, azifungue yeye ni nani? Juma lililopita umeme ulikatika, simu ikalia, akadhani ni salama ya kila siku. Chanjo zote zikaharibika, na kina mama waliotoka Mzenga na watoto mgongoni wakarudishwa. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Nipe tu laini yake, mdogo wangu," Kidawa alisema. "Yaishe."

"Laini sitoi, dada. Nisamehe."

Basi namba ibadilishwe ndani ya bodi, na wa kuibadilisha ni Sada. Yuko eda, hatoki, lakini miaka mitatu alikaa pembeni ya Abeid akimsomea makosa ya programu kwenye kioo cha kompyuta. Kompyuta ya Abeid ilikuwa ya ofisi. Waliifuata hata matanga hayajaanuliwa, watu wana haraka jamani. Kaka yake Sada anayekaa Mkuza alimwazima nyingine, tupu kabisa.

Akaanza upya. Alishusha programu ya kuandikia bodi, bando likaisha katikati, Kidawa akanunua jingine. Akaongeza mafaili ya bodi ya aina ile, akatoa kwenye barua pepe nakala ya programu aliyoiandika mumewe. Akachomeka waya. Taa ya bodi iliwaka, lakini kompyuta ikasema haioni kitu. Akachomoa, akachomeka, akazima, akawasha. Wapi!

Saa nzima ilipita ndipo akajua. Waya ule ni wa kuchajia simu tu: unapitisha umeme, haupitishi maneno. Waya wa kazi umo kwenye mkoba wa Abeid, na mkoba haujafunguliwa tangu mazishi.

"Nikufungulie?"

"Nitafungua mwenyewe."

Mkobani mlikuwa na waya, bisibisi, na kofia inayonuka jasho lake. Sada aliipakata kofia, akachomeka waya. Kompyuta ikaiona bodi.

Alifuta namba ya mumewe tarakimu moja moja, akaandika ya Kidawa.

"Si uache zote mbili?" Kidawa aliuliza kwa upole.

Sada alitamani, wallahi alitamani. "Hapana. Tukiwa wawili, kila mmoja atasema mwenzake ameona. Mtoto wa mtu asikose chanjo kwa ajili yangu."

Akabonyeza. Bodi ikapepesa taa, na punde simu ya Kidawa ikalia.

"Joto 29. Hatari," Kidawa akasoma. "Inapima chumba chako. Imekubali, Sada."

Sada aliitazama simu ya Abeid pale kitandani. Haikulia.

"Sasa ndiyo amekufa," alisema, akaangua kilio ambacho siku ya mazishi kiligoma kutoka.