Wakwe wa Adelphi

Mwaka wa tisini na nane Warundi wawili walitaka kuoana kule Adelphi, ughaibuni, na sisi majirani tulikaribia kuwaharibia shughuli.

Arielle alikaa ghorofa ya juu yangu, binti wa Bujumbura aliyekuwa akitunza wazee Takoma Park. Vita havikumbakizia mzazi wala ndugu, na mchumba wake Josué hali kadhalika. Kwao mahari haitolewi hivi hivi: kila upande uwe na msemaji, na wazee nyuma yake. Bila hao, aliniambia, angejiona ameokotwa tu. Alilia aliposema hivyo.

Nikawaita watu kwangu, na balaa likaanza. Dunstan, mwenyekiti wetu Watanzania, alisema Burundi ni Afrika Mashariki, kwa hiyo binti atasemewa na yeye. Papa Venant wa Bukavu, mkubwa wa Wakongomani, akajibu kwamba binti amesoma kwa Kifaransa na anasali kwa Kifaransa, basi ni wa kwao. Kila mmoja akaapa kwamba mwenzake akisimama, watu wake hawatakanyaga ukumbini. Wakahamia kwenye vikwazo vya biashara: nani kaifungia Burundi mpaka, nani kaiharibu tangu zamani, mpaka chai ikapoa. Mimi wa Kasulu, ambaye Kiha changu na Kirundi cha Arielle vinasikilizana bila mkalimani, hakuna aliyeniuliza neno. Nilitamani niwamwagie chai ile.

Arielle akaweka kikombe chini.

"Mjomba Dunstan, Papa Venant, tangu nizaliwe nchi yangu inaambiwa ichague. Mimi sichagui. Watanzania watakuwa wazazi wangu. Wakongomani watakuwa wazazi wa Josué. Mkutane ninyi."

Wakatazamana. Kwa Warundi, kwa Wakongomani na kwetu pia, mkwe hatukanwi, na wote wawili walijua wameshanaswa. Nilicheka peke yangu jikoni.

Jumamosi ya mahari Papa Venant alikuja na tai nyekundu, wazee wake nyuma wamebeba kreti za soda. Dunstan aliwasimamisha mlangoni kwangu kama mila inavyotaka, akawauliza wamefuata nini.

"Tumekuya kuomba mutoto, baba," alisema Papa Venant, kichwa ameinamisha. "Atatunzwa muzuri. Tunaomba tu."

Nilimjua Dunstan, nikajua ana kijembe cha kuwaita Wafaransa ulimini. Alikimeza.

"Binti yetu hatumtoi," alisema. "Tumemlea kwa shida, na nyumba bila yeye itapooza. Ombeni tena."

Wakaomba tena, akakataa tena. Mara ya tatu akafungua mlango wote na kusema, "Karibuni ndani, wakwe zetu." Papa Venant alimkumbatia, na sijui nani kati yao alianza kulia. Baadaye niliwaona meza moja wakigombania paja la kuku kwa adabu, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Muda wote huo Arielle alikuwa amefichwa chumbani, kama bibi harusi anavyofichwa, akisikia yote kupitia mlangoni. Nilipomwendea nilidhani ataniambia amefurahi kukubaliwa. Alinishika mkono, machozi yanamtiririka.

"Umesikia, dada?" alisema. "Wamekataa kunitoa mara mbili. Kumbe nina kwetu."