Kimraba cha Pili

Jumatano asubuhi mpiga picha za vitambulisho alifungua boksi, akatoa kamera mpya, ya zile zisizo na kioo ndani. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Ya zamani ilimvuta shingo miaka kumi na moja, na ikipiga ilisikika hadi kwa kinyozi wa jirani. Hii haikutoa hata chafya. Kilichomfurahisha zaidi ni kimraba cha kijani: ukiielekeza kwa mtu, chenyewe kinautafuta uso na kuung'ang'ania.

Mteja wa kwanza alikuwa Mama Pacha. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimempa kazi kwenye boila, pale pale alipofia mumewe mwezi wa pili. Kiwandani namba haifi: alipewa koti la marehemu, 212 ikiwa bado imeshonwa kifuani. Kitambulisho kilitakiwa kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi angepewa mwingine.

Akaketi. Vikatokea vimraba viwili. Cha pili kilikuwa juu ya bega lake la kushoto, na ndani yake alikuwamo mumewe, kapauka kidogo, shingo imebabuka kwa mvuke.

“Mmekuwa wawili,” mpiga picha alisema. “Na kiwandani hawapokei picha ya watu wawili.”

Mama Pacha aligeuza shingo. “Baba Pacha, sogea. Unaniharibia picha.”

“Ile valvu ya mvuke iliyoniua haijatengenezwa,” mumewe alisema. “Wameizungushia waya.”

“Najua. Nimeiona jana.”

“Basi usiende.”

“Na watoto wale nini, ushauri wako? Ulipokuwa hai, kukuamsha uende kazini ilikuwa vita. Leo ndiyo umewahi!”

Mpiga picha alicheka. Marehemu naye akacheka, kimraba chake kikachezacheza. Kisha akasogea pembeni, ila mkono akauacha begani kwa mkewe. Hakuna aliyemwambia autoe.

Alhamisi karani wa ajira aliipokea picha. Mkono ule aliujua. Yeye ndiye aliyeandika kwenye ripoti kwamba mwenye mkono huo alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

“Huyu bado yupo?” aliuliza.

“Yupo,” Mama Pacha alijibu. “Anaulizia valvu.”

“Valvu si idara yangu, dada.” Akachukua mkasi, akaukata mkono kwa uangalifu kando ya bega, maana kipimo ni kipimo, akabandika kilichobaki.

Jumatatu Mama Pacha aliingia zamu. Waya upo pale pale, umeongezwa mzunguko mmoja.

Mpiga picha naye ameongeza kiti, kwa kuwa watu wa kiwanda kile hawaji peke yao. Wenzake wakimuuliza habari za kamera, huisifu: nyepesi, kimya, haimkosi mtu. Kasoro yake moja tu, betri huisha upesi, hasa wakija wa boila.