Jezi Zilizofuliwa Ndani Nje

Wewe umewahi kufua sura yako mwenyewe? Ukaisugua kwa sabuni, ukaisuuza, ukaianika kwenye kamba, watu wakapita wakaicheka?

Basi Mama Sabuni aliifua miaka yote aliyofanya kazi klabuni. Chumba chake kilikuwa chini ya jukwaa kuu, na mashabiki walipokuwa wakiruka kwa furaha huko juu, vumbi la saruji lilimdondokea kwenye maji ya kusuuzia. Kulikuwa na karo mbili, bomba lenye kukohoa kwanza ndipo litoe maji, na meza ya kupigia pasi yenye mguu mmoja uliowekewa kigae. Wachezaji aliwajua kwa nguo zao. Kwamba beki wa kushoto alikuwa akijifuta kamasi kwenye mkono wa jezi, alijua yeye na Mungu tu.

Jezi zilikuwa nyekundu, na kifuani palishonwa kichwa cha mtu: macho yamemtoka, mdomo wazi hadi kimio kinaonekana, mfupa umepitishwa puani. Timu iliitwa Washenzi. Ndiyo, hivyohivyo. Mashabiki waliliimba jina hilo kwa mapenzi na kulitia kwenye kofia za watoto. Ukiwauliza mshenzi ni nani, wanakwambia ni timu, wewe kaa utazame mpira.

Lakini yule wa kifuani alikuwa na kwao. Kwao ni ng'ambo ya reli, kwa kina Mama Sabuni, watu waliokuwapo kabla ya reli na kabla ya mji wenyewe. Pale penye uwanja, mababu zao walikuwa wakicheza mpira wa magoti, mpira wa ngozi ulioshindiliwa majani. Refa hawakuwa naye. Aliyefungwa ndiye aliyenyanyua mkono akapaza sauti, "Umeingia!" Nani mwingine aseme, na yeye ndiye aliyekuwa karibu? Ukificha kwamba umeingia, hakuna aliyekugombeza. Ila siku ya pili ungetoka na mpira wako ukacheze na ukuta.

Wakoloni walipofika walisimama pembeni wakatazama, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Watu gani hawa wasio na mwamuzi! Wakazungushia uwanja ukuta, wakaleta filimbi, wakawahamishia wenyewe ng'ambo ya reli, na kwa mzaha wakaibandika sura yao kwenye jezi. Baadaye wakaondoka. Waliokabidhiwa funguo hawakubadilisha hata pazia.

Mama Sabuni hakuwa mtu wa makelele. Alichokifanya ni kugeuza jezi. Kila jezi iliyoingia mikononi mwake aliipindua ndani nje, akaifua hivyo, akaianika hivyo na kuipiga pasi hivyo, ili macho yake yasikutane na yale yaliyotumbuliwa. Hakujua kwamba kwa kufanya hivyo alikuwa anaitunza sura ile. Jua halikuigusa wala brashi haikuisugua. Nyekundu ya jezi, kitambaa chepesi, ilipaushwa na jua hadi upande wa nje ikawa kama tofali, sura ikabaki inang'aa.

Mwenyekiti wa klabu aliligundua hilo wakati wa maandalizi ya sherehe ya kuzaliwa kwa klabu. Akashuka chini na wapiga picha nyuma yake.

"Mama Sabuni! Nembo yetu haijachuja hata kidogo! Kumbe unaipenda hivi?"

Mama Sabuni akaipindua jezi nyingine.

"Mwaka huu tunaikuza," Mwenyekiti akaendelea. "Ienee kifua kizima. Na binti yako, kipa wetu, ndiye atakayeizindua baada ya fainali. Si damu yenu hii? Haya, tukupe zawadi gani? Sema usione haya."

Neno alikuwa nalo, la siku nyingi. Akalimeza.

"Labda beseni, mzee. Hili limetoboka."

Wakacheka wote. Jioni beseni likaletwa, la buluu, limefungwa utepe.

Binti yake aliyeitwa Gundi, maana mpira ukimfika mikononi haubanduki, alilikuta juu ya meza nyumbani.

"Beseni, mama?"

"Zuri. Lina mikono."

"Mtu anakuuliza unataka nini, wewe unasema beseni! Mimi nitasimama mbele ya watu na lile dude tumbo zima, na sisi tumepata beseni!"

"Usiponisemesha kwa ukali nitakusikia pia."

Gundi akakaa. Alimvua mama yake viatu, akaanza kumkanda miguu kama kawaida yao.

"Mimi nataka kudaka, mama. Sijui kazi nyingine tamu kama hiyo. Lakini sitaki kudaka nikiwa nimemvaa yule."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

Mama Sabuni akalisukuma beseni chini ya meza. Hakulitumia.

Siku ya fainali jukwaa lilitikisika. Washenzi waliongoza kwa goli moja, na wageni wao walishambulia kama nyuki. Mama Sabuni alitoka chumbani, akasimama kwenye mlango mdogo wa pembeni, taulo begani. Mwenyekiti naye alishindwa kukaa kwenye kiti chake cha heshima, akashuka hadi karibu na nguzo ya goli, akawa anatafuna tai yake.

Mechi ikielekea kuisha, ikapigwa kona. Vichwa vikagongana, mpira ukapita katikati, Gundi akajirusha akaudaka. Aliudaka vizuri, lakini kwa ndani, nyuma ya mstari. Refa alikuwa amezibwa na migongo. Hakupuliza. Mashabiki wakalipuka, "Gundi! Gundi!"

Gundi alisimama, akautazama mstari, akautazama mpira. Kisha akanyanyua mkono.

"Umeingia!"

Refa akamwendea. "Unasemaje?"

"Umeingia. Nimeudaka ndani."

Filimbi ikalia. Goli. Wageni wakapata nguvu mpya, na kabla watu hawajameza mate wakaongeza la pili, safi, la kona ya juu. Kombe likaenda zake. Mzee mmoja mwenye tarumbeta alilitoa mdomoni akafoka, "Mshenzi mkubwa huyu!" Kisha akalisikia neno lake mwenyewe, akaitazama kofia ya mjukuu wake yenye jina hilohilo. Upande wa wageni watu walikuwa wamesimama, wanampigia Gundi makofi.

Mama Sabuni alirudi chumbani akafungua bomba. Jezi zilipoletwa akaanza kuzipindua. Mwenyekiti akaingia, tai imelowa.

"Nani kamfundisha mwanao ujinga ule?"

"Mimi. Nami nilifundishwa na bibi yangu, aliyecheza hapahapa juu ya kichwa chetu kabla hapajajengwa ukuta."

"Amelitupa kombe, na uzinduzi umevurugika! Naweza kumtoa kwenye timu leo hii!"

"Unaweza," alisema Mama Sabuni, akafunga bomba ili wasikilizane. "Lakini nikuulize, mzee. Ulikuwa pale kwenye nguzo. Wewe uliuona?"

Mwenyekiti alitazama karo. Alitazama kigae chini ya mguu wa meza. Gundi alikuwa amefika mlangoni, magoti yana udongo, na hakuna aliyemwambia aingie wala atoke.

"Niliuona," alisema Mwenyekiti, sauti imeshuka. "Uliingia. Wale wageni wamekuja kunipa mkono, eti nimelea kipa wa kweli. Nimeona aibu mpaka kwenye nyayo."

"Basi umeshasema mwenyewe. Ndivyo tulivyokuwa tukicheza."

Mama Sabuni akaichukua jezi ya Gundi. Safari hii hakuipindua. Aliikung'uta, akaitandaza juu ya meza, sura juu, akaisawazisha kwa viganja vyote viwili.

"Mtazame huyu. Halafu mtazame yule pale mlangoni. Wanafanana?"

Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule.

"Hapana," akasema. Akavuta stuli, akaketi kama mtu aliyetua mzigo. "Hawafanani hata kidogo. Sasa unataka nini, Mama Sabuni? Safari hii nasikiliza."

"Usiseme beseni," Gundi akanong'ona.

Mama Sabuni akacheka, akajifuta mikono kwa taulo, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Nataka sura hii itoke kifuani mwa mwanangu, na vifuani mwa wenzake wote. Nataka na lile jina liifuate. Na pale getini, nataka paandikwe waliocheza hapa kwanza ni kina nani."