Kufagia Hewa

Kufikia saa mbili asubuhi, mshonaji alikuwa ameshamaliza godoro la kwanza na ameshakohoa mpaka mbavu zinamuuma. Karakana ilikuwa na madirisha manne, yote yamepigiliwa misumari kwa amri ya tajiri, maana upepo ulikuwa ukimpeperushia pamba yake. Vumbi lake likabaki ndani. Mtu akipita, linapanda. Wakinyunyiza maji, linatulia kidogo, kisha joto la mchana linalikausha na kulirudisha vifuani mwa watu. Daktari alimwambia mshonaji kwamba akimaliza mwaka mwingine kwenye hewa ile, mapafu yake yatakuwa yamekwisha.

Mfagiaji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Siku hiyo alimaliza sakafu, akatazama juu, akainua fagio na kuanza kufagia hewa. Alianzia pembeni, akalisukuma vumbi taratibu mpaka katikati ya chumba, akalizoa. Zilijaa ndoo tatu.

"Hapa puani umeruka," mshonaji alimwambia.

"Nawe wifi kwa kudeka! Haya, lete uso."

Mshonaji akavuta pumzi mpaka chini kabisa, mara ya kwanza baada ya miaka sita, na machozi yakamtoka. Alimpenda wifi yake kuliko siku ya harusi, ambayo kusema kweli hakumpenda hata chembe.

Hewa haikukaa safi zaidi ya saa mbili, hivyo mfagiaji alirudia kutwa nzima. Mshonaji alikuwa akiacha sindano ili amtazame tu: fagio linapita katikati ya vichwa vya watu bila kutikisa hata uzi. Jioni alimkanda mabega, yaliyokuwa yamevimba.

Alhamisi walimwita tajiri, wamwombe afungue madirisha. Tajiri alisimama mlangoni, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kwa heshima.

"Huyu mama ana mikono ya dhahabu. Sasa madirisha ya nini?"

"Bosi, naye si binadamu? Siku akiugua je?" mshonaji aliuliza.

"Mbona mzima kabisa."

Kesho yake akaja mwashi na matofali. Alipomimina saruji kavu, vumbi lilipanda mpaka darini, akashikwa na kikohozi. Mfagiaji akamwendea, akamfagilia usoni polepole, asije akamkwaruza. Mwashi akamshukuru sana, akaendelea kuziba dirisha la kwanza.