Flashi ya Jumatano

Alhamisi ile, saa mbili na dakika tano asubuhi, mlango wa chumba cha seva ulikuwa bado umefungwa. Nilisimama mbele yake na funguo za masjala mkononi, nikacheka peke yangu, nikasema leo nimempata. Nilikuwa nimefanya kazi miaka tisa na kaka yangu katika kliniki ile ya macho, na miaka yote tisa hakuniacha hata siku moja nifike kabla yake. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumtania. Ndipo simu ikaita. Alikuwa wifi yangu, mke wake.

"Njoo nyumbani," alisema. "Usipitie popote, wifi. Njoo tu."

Nilimkuta kaka amelazwa sebuleni, amevaa kiatu kimoja. Alikuwa ameinama kuvaa cha pili, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka arobaini na sita. Nayaandika haya mwanzoni kwa sababu ndiyo ninayoogopa kuyachanganya siku moja: mlango, simu, kiatu. Mengine nayajua vizuri.

Kaka ndiye aliyesimamia kompyuta za kliniki. Kila aliyepimwa macho, vipimo vyake viliingia kwenye seva, kompyuta moja kubwa iliyokaa peke yake katika chumba chenye feni mbili. Seva ikifa bila kuwa na nakala mahali pengine, watu elfu kumi na moja wanakuwa wageni kwetu siku hiyohiyo. Hakuna aliyelijua hilo kama kaka. Manesi walimwita Mzee wa Nakala, naye akaitikia.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mgonjwa wa mwisho akishatoka, alichomeka diski kubwa na kuchukua nakala kamili, kila kitu tangu kliniki ilipofunguliwa. Hiyo ilikuwa kazi ya saa sita. Siku nyingine zote za kazi, kabla ya kufunga, alichukua nakala ya nyongeza, yaani yale tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia. Hiyo ilimchukua dakika nne na flashi moja ndogo, kila siku na flashi yake.

Flashi zenyewe alizipanga katika sanduku kuukuu la lenzi za kupimia macho, lenye vijishimo vilivyotandikwa kitambaa cheusi. Juu ya kila flashi alibandika kipande cha plasta ya vidonda, akaandika tarehe na neno moja au mawili kuhusu siku hiyo. "Jumanne 6. Mvua." "Ijumaa 9. Daktari kanuna." Mwezi mpya ukianza, flashi zilirudi kazini, na plasta mpya ikabandikwa juu ya ile ya zamani. Baada ya miaka yote ile zilikuwa zimenenepa kama vidole vilivyofungwa bandeji.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asichukue nakala kamili kila siku, yakaisha.

"Bibie," alisema. Aliniita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa nilipenda kutoa amri. "Wewe ukinunua kijiko, unahama nyumba?"

"Sihami."

"Sasa mbona unataka nihamishe nyumba nzima kila jioni kwa sababu wameongezeka wagonjwa thelathini?"

"Na flashi moja ikipotea?"

"Haipotei."

"Nimesema ikipotea, kaka."

Alijikuna kidevu. "Hapo umenibana. Hii ni ngazi. Diski kubwa ndiyo ardhi, kila flashi ni kidato. Kikitoka cha katikati, vya juu hata viwe vya chuma havikusaidii, hufiki. Ndiyo maana sanduku lina kufuli, na kufuli lina mimi."

Jumatano ya tarehe 21, siku moja kabla ya kiatu, alikaa kwenye stuli na kikombe chake cha chai, akaniambia nichukue nakala mwenyewe. Nilipogeuka kumuuliza kitu akatazama ukutani. "Unamuuliza nani? Mimi sipo hapa." Nikafanya. Dakika zilikuwa saba badala ya nne, lakini nilifanya. Akakata plasta, akaandika kwa ile kalamu yake ya wino mzito, akaibandika, akaiweka flashi kijishimoni na kuipigapiga kama mtu anayembembeleza mtoto. "Sasa naweza kuomba likizo," alisema.

Tulimzika Ijumaa. Daktari, mwenye kliniki, alinipa wiki nzima nipumzike. Nilirudi Jumatatu, kwa kuwa tangu Alhamisi nakala hazikuwa na mtu wa kuzichukua. Wifi alinipa ufunguo wa sanduku bila mimi kuuomba.

Nikafungua, nikasoma plasta moja baada ya nyingine. Nilipofika ya mwisho nilikaa chini. "Jumatano 21. Bibie kafanya peke yake." Yalikuwa ndiyo maandishi yake ya mwisho duniani, na yalikuwa yananihusu mimi.

Niliitia flashi ile mfukoni. Sitajitetea kwamba sikujua. Ngazi nilikuwa nimeelezwa, na nilipiga hesabu kama yeye alivyonifundisha: Jumamosi ijayo ni tarehe mosi, nitachukua nakala kamili mpya, na flashi zote za mwezi huu zitakuwa hazihitajiki tena. Zilibaki siku tano tu. Nikiirudisha kijishimoni, nitalazimika kuitumia tena na kuyafunika maandishi kwa plasta nyingine; nikiibandua plasta yake, itachanika. Seva ilikuwa nzima, feni zote mbili zinazunguka. Nikasema siku tano si kitu. Jioni nikaiweka kwenye droo chumbani kwangu, chini ya cheti changu cha kidato cha nne.

Siku ya nne, Alhamisi tarehe 29, umeme ulikatika asubuhi na kurudi kwa kishindo. Seva ilitoa mlio kama wa mtu anayesaga meno, kisha ikanyamaza. Daktari akamwita fundi kutoka nje, dada mmoja mwembamba mwenye begi kubwa kuliko yeye, aliyeongea huku mikono inafanya kazi.

"Diski ya ndani imekwenda," alisema. "Nimeleta nyingine. Nakala mnazo?"

"Tunazo," nilisema, nikamsogezea sanduku.

Aliweka ile nakala kamili, akaanza kupandisha flashi kwa zamu. Tarehe 5, 6, 7. Alikuwa anasoma plasta kwa sauti na kucheka. "'Daktari kanuna.' Huyu marehemu wenu alikuwa mtu wa utani kweli." Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Tarehe 19. Tarehe 20. Kisha kidole chake kikasimama juu ya kijishimo kitupu.

"Ya 21 iko wapi?"

Nilikitazama kijishimo kile pamoja naye.

"Kuna 26, 27, 28. Hizo ni za mwandiko mwingine."

"Ni zangu," nilisema.

"Hazipandi bila ya 21, dada. Hizi zako zimeanzia ilipoishia ya 21, na programu inakataa kuiruka." Akamgeukia Daktari. "Kwa hiyo tunaishia Jumanne ile. Kuanzia Jumatano ya 21 hadi jana, hakuna kitu."

Daktari aliegemea mlango. Kesho yake kulikuwa na watu tisa wa kutolewa mtoto wa jicho, na wote tisa walipimwa Jumatano ile. Bila vipimo vyao hajui nani awekewe lenzi ya nguvu gani, na kuwapima wote upya kungeahirisha upasuaji. Wengine walikuwa wamesafiri siku nzima na walishafika. Nilikuwa nimewaona kwenye benchi asubuhi, na vifurushi vyao miguuni.

"Alisahau," Daktari alisema taratibu. "Jumatano ile lazima alikuwa ameshaanza kuumwa, hakutuambia. Tusimlaumu, keshatangulia." Akamwambia fundi, "Kwenye ripoti andika hivyo tu. Nakala ya Jumatano haikuwekwa sandukuni."

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionimaliza. Kama angefoka, labda ningenyamaza. Fundi alishatoa kalamu. Niliona sentensi ile ikiingia kwenye faili la kliniki, na kukaa humo baada yetu sote: mtu aliyefungua mlango saa mbili kamili kwa miaka tisa, kwamba siku yake ya mwisho alisahau.

"Usiandike," nilisema.

Wote wawili wakanitazama.

"Nakala iliwekwa sandukuni. Niliichukua mimi, yeye amekaa pale kwenye stuli. Flashi iko kwangu nyumbani. Niliitoa kwenye sanduku Jumatatu, na sikumwambia mtu."

"Kwa nini?" Daktari aliuliza.

"Kwa sababu ya plasta."

Daktari aliniangalia kwa muda, kisha akatazama saa yake. "Nyumbani kwenu ni mbali?"

"Dakika ishirini."

"Dada," fundi alidakia, "fanya kumi na tano."

Tangu mazishi nilikuwa nimehamia kwa wifi, ili asilale peke yake. Alikuwa anaanika nguo aliponiona naingia mchana nahema.

"Kuna nini tena?"

Nilimweleza huku natembea. Alinifuata mpaka chumbani na kibanio cha nguo mkononi. Nilipoitoa flashi chini ya cheti, aliisoma plasta. Hakuwahi kuiona. Alipitisha kidole gumba juu ya maandishi, polepole, mara mbili.

"Kwa hiyo ulimficha mume wangu kwenye droo," alisema.

"Nisamehe, wifi."

"Mimi nina mashati yake kumi na mawili na kiatu kimoja ambacho sijui nikifanye nini. Wewe chukua plasta yako, sikuonei wivu." Kisha akanisukuma bega. "Lakini hicho kidude ni cha kazi. Angekuwepo angekukimbiza nacho mtaa mzima. Nenda."

Flashi ilipanda bila kusita. Zangu tatu zikafuata, nami nikawasimulia kijiko na ngazi ya kaka. Fundi alipofungua orodha, majina tisa yalikuwepo, na vipimo vya kila jicho pembeni. Daktari alisoma yote kwa midomo, kimya, kisha akaenda kuwaambia watu wa benchini kwamba kesho iko palepale. Aliporudi alivuta stuli ya kaka, akakaa.

"Adhabu yako nitaifikiria," aliniambia. "Kwanza tuamue hili, lisijirudie. Fundi, unashauri nini?"

"Nakala kamili kila siku," fundi alisema. "Ukitaka kurudisha, unashika diski moja, basi. Hakuna ngazi, hakuna kidato."

"Saa sita kila siku," nilisema. "Tuianze saa ngapi? Wagonjwa wakiwepo, seva inakuwa nzito, jina moja linatafutwa dakika tatu."

"Itajiendesha yenyewe baada ya kufunga."

"Jioni tunazima umeme wa jengo zima. Na ikijiendesha bila mtu, nani ataiangalia kama inasomeka?"

Fundi aliinua nyusi. "Sawa, bosi. Lete yako."

Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeipanga njiani, nikitembea na flashi imebanwa kiganjani. "Kaka alikuwa sahihi kuhusu kijiko. Alikosea urefu wa ngazi. Vidato zaidi ya ishirini ni vingi mno. Tuchukue nakala kamili kila Jumamosi, si mara moja kwa mwezi. Jumatatu hadi Ijumaa, nyongeza. Ngazi ya vidato vitano. Na kila nakala iwe na pacha wake, pacha alale nje ya jengo hili, ili kimoja kikitoka kuna kingine."

"Nje wapi?"

"Kwa wifi yangu. Kwenye droo."

Fundi alicheka hadi akashika begi lake. "Mwizi anapewa ghala!"

"Lakini safari hii inaandikwa kwenye daftari," nilisema. "Imetoka lini, imerudi lini, nani kaichukua. Kosa langu halikuwa kuipeleka nyumbani. Nilinyamaza."

Daktari alinigeukia. "Na kaka yako angesemaje kuhusu hizi Jumamosi zako?"

"Angekataa siku mbili. Ya tatu angesema ni wazo lake."

"Hiyo kweli," Daktari alisema, akasimama. "Adhabu ni hiyo basi. Jumamosi zote ni zako."

Fundi aliandika ripoti upya mbele yangu, nikaisoma. Ilisema nakala ya Jumatano tarehe 21 ilichukuliwa kwa wakati, na ilitolewa sandukuni na mimi. Niliweka sahihi.

Watu wale tisa walipasuliwa Ijumaa. Jumamosi tarehe mosi nilichukua nakala kamili, nikakaa nayo saa sita kwenye stuli, na ilipomalizika niliifungua na kuisoma kabla ya kuitoa. Wiki iliyofuata, ilipofika Jumatano, nilikata plasta, nikaandika tarehe na neno "Jua", nikaibandika juu ya maandishi ya kaka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu hapo. Sanduku lina flashi tano tu, na mapacha wao wako kwa wifi. Ya Jumatano ni ileile, na inatumika kila wiki. Ina plasta kumi na tisa juu ya ile ya kaka, na leo jioni nitabandika ya ishirini.