Mashine ya Baba Peniel

Dada yangu Febronia haogopi nyoka wala mlevi. Lakini asubuhi ile Dodoma, mbele ya majaji watatu wa Mahakama ya Rufani, aliniuliza mlango wa kutokea uko wapi. Nami nilikuwa nimeshautafuta, nisijifanye shujaa.

Shauri lilianzia kwetu Singida, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, Chediel mume wake alipoweka mashine ya kukamua alizeti uani kwao Utemini. Alizeti ya kwanza ilitoka Iguguno, kwenye shamba alilolima dada, mtoto mgongoni. Mafuta yalipoanza kuleta hela, Chediel akaleta mwanamke mwingine, ndoa ikavunjika, dada akaambiwa arudi kwa baba. Baba alishakufa. Arudi kwa nani, na watoto wale?

Katika Mahakama ya Mwanzo hakimu alimuuliza nyumba na mashine ni vya nani. Naye, chini ya kiapo, akajibu, "Ni vya Baba Peniel," yaani Chediel, kwa jina la mtoto wao. Kwetu mke mwenye adabu hajibu vingine. Hata kuku aliyemfuga mwenyewe, mgeni akiuliza, ni wa baba watoto. Hakimu akaandika, Chediel akapewa vyote. Nilimkasirikia dada sana, ingawa ningeulizwa mimi ningejibu hivyo hivyo.

Mahakama ya Wilaya nako tukashindwa. Aliyetufufua ni Wakili Leah, aliyetutetea Mahakama Kuu bila malipo. Alitueleza kuwa Mahakama ya Rufani ilishaamua, katika kesi ya mwanamke mwingine tusiyemjua, kwamba kupika, kulima na kulea ni mchango katika mali ya ndoa. Neno la mahakama ile likishatoka, mahakama zote za chini hulifuata, na yenyewe hailigeuzi hivi hivi. Tukashinda. Chediel akakata rufaa, na sasa tulikuwa pale pale lilipotoka neno lenyewe. Tukishindwa hapo, hakuna pengine pa kwenda.

Wakili wa Chediel, Urbano, alisimama taratibu. Neno lile hakulipinga, alilisifu. Ila, akasema, uamuzi wa zamani hufuatwa pale mambo yanapofanana, na haya hayafanani: mwanamke yule hakuwahi kukana mali, huyu aliikana kwa kiapo. Jaji wa katikati akatikisa kichwa kukubali. Nilishaona vitanda vya watoto vimetupwa barabarani.

Leah alijibu kadiri ya uwezo wake. Kisha jaji yule akamgeukia dada mwenyewe, akataka kujua alikuwa na maana gani siku ile.

Dada alisimama.

"Waheshimiwa, mimi mwenyewe naitwa mke wa Baba Peniel. Jembe nililopewa na mama yangu, nikiulizwa, nasema la Baba Peniel. Nikisema langu, nimemdharau mume. Sikujua kwamba heshima ile itaandikwa."

Tulirudi Singida kungoja hukumu, na kila pikipiki iliposimama mlangoni tuliruka. Hukumu ilipotoka, majaji walisema mke anayesema kwa heshima kwamba mali ni ya mumewe hajakana jasho lake. Chediel alibaki na shamba na ng'ombe, dada akapata nyumba na mashine. Leah akasema neno hilo nalo litafuatwa, na jina la dada litasomwa katika mahakama asizozijua. Dada hakucheka. Aliuliza tu kama ni lazima jina lisomwe lote.

Siku chache baadaye mnunuzi wa mafuta kutoka Mkiwa alipiga hodi, akauliza mashine ni ya nani. Dada akageuka kutazama nyuma, utadhani Chediel amesimama pale.

"Yangu," akanong'ona.

Yule mtu hakusikia, akauliza tena. Nikatamani kumjibia, nikajizuia.

"Ni yangu mimi," akasema, safari hii mpaka jirani akachungulia. Kisha akachukua debe, akaanza kumpimia mafuta.