Mama Hataki Kutembea

Jumapili ile Frida alirudi kutoka ibadani akamkuta mama yake amekaa kwenye sakafu ya bafu, mgongo ameuegemeza ukutani, kanga imelowa. Hakuwa ameumia. Aliteleza, akakaa chini, kisha akashindwa kunyanyuka. Alikuwa hapo tangu nyumba nzima ilipotoka.

"Kwa nini hukuita, mama? Leah angekusikia."

"Ningemwitaje mtu aje anione hivi."

Frida akamshika kwapani akavuta. Mama hakusogea. Akajaribu tena, kiuno kikakataa. Ikabidi amwite Leah, jirani wa mlango wa pili, na wawili wao wakamnyanyua huku wanahema. Mama yake, Mama Gwantwa, alijifunika uso kwa kanga mpaka alipofikishwa kwenye kochi. Siku hiyo hakugusa chakula.

Huyu alikuwa mwanamke aliyelima milima ya Ibaba maisha yake yote. Alipanda na kushuka miteremko ya Ileje na mzigo wa mahindi kichwani na mtoto mgongoni, ukungu ukiwa haujaondoka, na jioni bado akateka maji. Mumewe alipofariki, Frida, binti yake wa mwisho, alikwenda kumchukua. Frida alikuwa na duka la vitenge Tunduma, karibu na mpaka, na nyumba mtaa wa Sogea. Mume wake alikuwa dereva wa lori la kwenda Kongo, mtu wa barabarani kuliko wa nyumbani. Mbele ya ndugu wote waliobaki msibani, Frida alimwambia mama yake, "Jembe umelishika, inatosha. Sasa ni zamu yako kukaa."

Na mama akakaa. Akiinuka kufagia uwanja, ananyang'anywa ufagio. Akitaka kuosha kikombe chake, Frida anamwambia, "Mama, utanitia aibu, watu watasema nimekuleta uwe mfanyakazi." Asubuhi chai ya maziwa iliyokolea sukari, na chapati. Mchana wali. Jua likiwa kali, soda. Wanawake wa kanisani walipokuja kumsalimia walimtazama wakasema amenawiri, binti anajua kutunza. Frida alikuwa akiyasikia maneno hayo jikoni na kutabasamu peke yake.

Kesho yake baada ya kuanguka, alimpeleka kituo cha afya. Sukari ilikuwa juu sana, presha nayo juu. Daktari alimpima nguvu za miguu, akamwambia anyanyuke kwenye kiti bila kujishikiza. Mama Gwantwa alijaribu, akarudi kukaa.

"Mama hajazeeka kiasi hiki," daktari alimwambia Frida pembeni. "Amekalishwa. Dawa atapewa, lakini dawa peke yake haitamwinua. Lazima atembee, na chakula kibadilike. Na miguu yake muiangalie kila siku, kwa sababu imeanza kufa ganzi. Akiumia hatajua."

Amekalishwa. Neno hilo Frida alirudi nalo nyumbani.

Kwa hofu aliyokuwa nayo, alibadilisha kila kitu kwa siku moja. Sukari ikatoka ndani ya nyumba. Wali ukakoma. Alfajiri akaenda kumwamsha mama yake.

"Inuka mama, tukatembee."

"Tunakwenda wapi?"

"Popote. Kutembea tu."

Mama Gwantwa akajifunika shuka tena. "Mtu mzima na akili zake anatembea bila anakokwenda? Watasema nimechanganyikiwa."

"Daktari amesema."

"Daktari amelima wapi? Mimi nimetembea mpaka magoti yamekwisha. Wewe mwenyewe uliniambia nikae. Leo unataka kuninyang'anya hata huko kukaa?"

Frida alibembeleza, akaomba, akakasirika. Siku nyingine alifanikiwa kumfikisha getini, mama akashika nguzo na kukataa kutoka kwa sababu kuna watu wanapita. Siku nyingi hakufika hata mlangoni. Sahani ya mboga za majani na ugali kidogo ilirudi jikoni kama ilivyokwenda.

Kisha Gwamaka akapiga simu. Huyo ndiye kaka mkubwa, mkulima wa kahawa kule Igamba.

"Nasikia mama unamlaza njaa," alisema bila salamu. "Na unamkimbiza barabarani kama askari."

"Kaka, mama anaumwa sukari. Daktari ndiye aliyesema."

"Wazee wetu walikufa wamekula. Kama umechoka kumtunza, sema, tumchukue."

"Njoo basi umchukue," Frida alisema. Gwamaka akakata simu, na hakuja.

Siku moja Frida alifunga duka mapema. Alipopita kwa Leah aliona kandambili za mama yake mlangoni. Alifurahi, maana yake mama ametoka mwenyewe, ametembea. Akapiga hodi, akaingia. Mama Gwantwa alikuwa amekaa kwenye mkeka na soda mkononi, na kando yake sahani ya maandazi.

Leah akainamisha uso. "Aliniomba, dada. Ningemnyimaje mama mtu mzima?"

Kumbe ndizo hatua pekee alizokuwa akizipiga kwa hiari. Frida alisimama pale na mkoba begani, na yale yote aliyokuwa ameyabana yakamtoka.

"Kama unataka kufa, mama, si useme tu. Niache kujisumbua."

Mama Gwantwa aliweka chupa chini, akajishikiza ukutani akainuka, akapita mbele ya binti yake kama anavyopita mtu mbele ya mgeni. Tangu siku ile hakumsemesha. Salamu aliitikia kwa kichwa. Alioga mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, alilala mapema, na Frida alipotaka kumwangalia miguu aliivuta ndani ya shuka. Frida naye alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na aibu. Hakulazimisha.

Harufu ndiyo iliyomwambia. Alikuwa akikunja nguo za mama yake chumbani, akaisikia, akadhani panya amefia chini ya kitanda. Aliinama kutazama. Hakukuwa na panya. Akaufunua mguu wa mama yake aliyekuwa amelala, akaona kidole gumba kimekuwa cheusi, na chini yake kidonda kikubwa kilichotoboka. Kijiwe kidogo kilikuwa bado kimenasa kwenye mpira wa kandambili. Mama alikuwa amekikanyaga siku zote hizo bila kusikia kitu.

Hospitali walikata kidole hicho, na kinachokifuata. Daktari wa upasuaji alimwambia Frida kwamba kidonda kisipofunga, watalazimika kukata chini ya goti. Aliongea taratibu, na Frida alitingisha kichwa kana kwamba anaelewa, lakini alipotoka nje aliegemea ukuta wa wodi akalia kwa sauti mbele za watu.

Aliporudi ndani, mama yake alikuwa macho. Maneno ya kwanza aliyomwambia tangu ile siku ya Leah yalikuwa haya:

"Nirudishe Ibaba nikafie kwangu."

Nyumba ya Ibaba ilianguka ukuta mmoja kwenye mvua za mwaka uliopita, na mashamba Gwamaka alishayakodisha. Hakuna aliyemwambia mama. Frida alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamsugua mkono, akasema, "Upone kwanza."

"Nipone nifanye nini?"

Nyumbani, kwa majuma mengi, mama alikuwa mtu wa kugeuzwa na kufutwa. Jicho lake moja lilianza kuona giza. Muuguzi wa kituo aliwafundisha mazoezi ya kukaa kitini: kunyoosha goti la mguu mzima, kuinua mikono, kubana na kuachia vidole. Frida aliyafanya mbele yake kama anayecheza na mtoto mchanga, na mama akatazama pembeni. Dukani, mteja wake wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, alimuuliza habari za mama, "Bamayo hawajambo?" Frida akajibu hawajambo, kisha akashindwa kukata kitenge, akampa mkasi akate mwenyewe.

Siku ya kusafisha kidonda, muuguzi alipomaliza kufunga bandeji alimtazama Frida aliyekaa kwenye benchi akifuta jasho.

"Na wewe dada umeshapima?"

"Mimi siumwi."

"Mama ana sukari. Wewe unakaa dukani kutwa, na mwili umeongezeka. Lete kidole."

Frida alicheka kidogo, akanyoosha mkono. Muuguzi alisoma kipimo, akasoma tena, kisha akachukua kifaa kingine akarudia. Akamwambia Frida aje asubuhi inayofuata bila kula chochote. Mama Gwantwa, kwa jicho lililobaki, alikuwa akimtazama muuguzi usoni muda wote huo.

Walirudi nyumbani kwa bajaji. Walipofika, Frida alimsaidia mama kukaa, akaenda jikoni. Alikaa chini kando ya ndoo na hakuwasha moto. Alikuwa na watoto shuleni na mume safarini, na mbele yake aliona mguu wake mwenyewe umelazwa juu ya lile benchi.

"Frida," mama akaita. "Njoo hapa, mwanangu."

Akaenda.

"Na wewe unayo?"

"Kesho ndiyo nitajua, mama. Lakini nadhani ninayo."

"Nilimzika baba yako," Mama Gwantwa akasema. "Nilizika watoto kabla yenu, na hao hukuwajua. Wewe sikuziki. Sikiliza vizuri, sikuziki." Akashika mikono ya kiti. "Yale mazoezi ya goti yanafanywaje?"

Asubuhi iliyofuata kipimo kilithibitisha: Frida alikuwa nayo. Yeye alilia, mama hakulia.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Kidonda kilichukua muda mrefu kufunga, na kuna juma kilifunguka tena, wakalala kila mmoja anawaza msumeno wa kukata mguu. Mama alifanya mazoezi siku kadhaa, akaacha, akaanza tena. Alimwomba Leah soda na Leah akamnyima, na jioni hiyo akawanunia wote wawili. Lakini alikuwa amerudisha sauti. Alidai ufagio wake. Alidai kuchambua maharage na kuosha vyombo amesimama, na Frida, ambaye mikono ilimuwasha kumpokea, alijilazimisha kukaa mbali.

Kidonda kilipofunga na daktari akaruhusu, walinunua viatu vipana vya kufunika mguu, wakaanza kutoka jioni. Mara ya kwanza walifika kwenye nguzo ya umeme tu, mama akaomba kukaa kwenye jiwe la mtu. Vijana waliokuwa wakisubiri abiria kwenye pikipiki waliwatazama. Mmoja akayacheka mazoezi yao, "Bibi anapiga tizi." Mama alitaka kurudi. Frida akamwambia, "Nisindikize mimi. Mimi ndiye mgonjwa." Na mama akaendelea.

Gwamaka alikuja siku ya mvua, na mkungu wa ndizi na maneno. Alimkuta mama yao ameshika ufagio.

"Frida, ndipo ulipofika? Mama na mguu huo anafagia?"

"Usimsemeshe huyo, semezana na mimi," Mama Gwantwa alimwambia. "Mlinikalisha kwa upendo, na upendo wenu umekula vidole vyangu. Ukitaka kunisaidia, siku ukija tembea nami mpaka relini tunakoishia. Kama huwezi, acha ndizi urudi Igamba."

Gwamaka akautua mkungu mlangoni. Jioni mvua ilipokatika alitembea nao, nyuma kidogo, mikono mfukoni. Njiani ndipo alipomwambia mama habari za nyumba ya Ibaba. Mama alisimama, akaegemea fimbo yake ya kutembelea, akauliza ukuta gani ulioanguka. Akaambiwa. Waliporudi alijifungia chumbani, na siku mbili hakutoka kutembea. Frida aliamini kwamba sasa basi, imekwisha.

Haikwisha, lakini kila mara imekuwa hivyo, karibu na kwisha. Sukari ya mama imeshuka, ingawa jicho lile halikurudi. Mguu uliobaki mzima umezidi kufa ganzi, na daktari hajawaahidi kitu. Sukari ya Frida inapanda na kushuka. Kuna siku anarudi kutoka dukani amechoka, malori yamefunga barabara yote mpaka Mpemba, vumbi limemjaa machoni, na anachotaka ni kujitupa kitandani.

Juzi ilikuwa siku ya namna hiyo. Alijilaza na viatu vyake, akageukia ukutani.

"Leo siwezi, mama. Niache."

Alisikia fimbo inagonga sakafu, kisha mlango, kisha geti likilia. Alidhani mama amesimama tu nje. Alipochungulia dirishani, mama Gwantwa alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya umeme, anatembea peke yake pembeni mwa barabara, anachechemea, malori yakimpita upande wa jicho lisiloona. Frida alitoka mbio bila kufunga mlango, akimwita asimame. Mama yake hakugeuka wala hakupunguza mwendo, ila alisema kwa sauti, "Nisindikize basi."